Miezi sita? Hapo nakataa
Mmeandika hapa eti mtu akiumia ubongo, pale atakuwa amefika kwa miezi sita ndio atabaki hapo maisha yote, nani aliwaambia? Ndugu yangu aligongwa na boda hapa Kondele, Kisumu, 2021, miezi sita ikaisha hata jina la mtoto wake hajui, mwaka wa pili ndio akaanza kufunga vifungo vya shati, na saa hii anaenda soko la Kibuye peke yake kununua omena na chenji inarudi sawa. Ni kweli miezi ya kwanza ndio mtu hupona mbio, baadaye ni polepole, lakini polepole si kusimama. Chenye mngeandika ni hasira, juu sehemu ya mbele ya ubongo ikiumia mtu hukosa breki, huyu alikuwa mpole ajabu lakini sasa redio ikiwa juu na watu wawili wanaongea sahani inaruka, majirani wakasema amerogwa (wengine bado wanasema). Tukajifunza kuzima redio, kumwambia kitu moja kwa wakati, kumwandikia kwa daftari, na kumwacha alale mchana juu si uvivu, ubongo unachoka kweli. Mimi nilimvalisha viatu mwaka mzima nikidhani namsaidia, mtu wa fizio (mazoezi ya viungo) akanigombeza niwache ajaribu mwenyewe hata akichukua nusu saa. Sasa imebaki maneno, yanamkwama. Kuna mtu hapa Kisumu amepata mahali wanafundisha kuongea tena bila kukumaliza pesa?