Hariri Mwilini: Kosa la Uzi, au la Mahali Ulipowekwa?

Ukikaa na watu wa chumba cha upasuaji hapa Dar es Salaam, hukawii kusikia hukumu hii: hariri ni uzi wa kizamani, unaleta usaha, na hospitali inayojiheshimu ingekuwa imeshaachana nao. Wanaosema hivyo hawabahatishi. Ndio hao wanaofungua bandeji siku ya tano na kukuta mshono umevimba, mwekundu, unatoa maji. Sehemu ya hoja yao siipingi hata kidogo. Ila naona hukumu imevuka mpaka, na imevuka wakati mbaya, kwa sababu protini ileile iliyomo ndani ya uzi huo inafanyiwa kazi kwenye maabara za nje ili kutatua shida ambazo sisi watu wa joto ndio tunaozibeba.

Uzi mweusi unaoonekana kwenye fizi ya mtu aliyetoka kung'olewa jino, au unaozungushwa kwenye bomba lililopenya kati ya mbavu za majeruhi, mara nyingi ndio huo. Kiwavi wa nondo aitwaye Bombyx mori hujifungia ndani ya kifukofuko kilichofumwa kwa uzi mmoja usiokatika, wenye urefu wa mamia ya mita. Kiini cha uzi ni protini iitwayo fibroini. Juu yake kuna gundi iitwayo serisini, karibu robo ya uzito wote. Kiwandani gundi huondolewa, nyuzi nyingi zikasukwa pamoja, zikatiwa rangi na kupakwa nta au silikoni. Jambo hili la gundi nitalirudia, maana lawama nyingi za mzio ambazo hariri imebeba kwa miaka mingi zilitokana nayo.

Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa upasuaji Theodor Kocher wa Uswisi aliacha katiguti, uzi wa utumbo wa mnyama, akahamia hariri. Baada yake daktari mwenzake William Halsted wa Baltimore, Marekani, aliisisitiza hariri nyembamba, mishono midogo ya mmoja mmoja, na mkono mpole juu ya nyama ya mgonjwa. Walioifuata njia yake walishika uzi. Upole wa mkono haukushikwa na wote.

Sasa tuje kwenye takwimu ambayo ndiyo imeichafulia hariri jina. Mwaka 1957 watafiti wawili wa London, Elek na Conen, waliwadunga watu waliojitolea bakteria wa stafilokokasi kwenye ngozi. Pasipo uzi, ilibidi waingizwe bakteria kwa mamilioni ndipo usaha utokee. Palipokuwa na mshono mmoja wa hariri, mamia machache yalitosha. Hebu ipime tofauti hiyo: kinga ya mwili imepungua kama mara elfu kumi kwa sababu ya kipande cha uzi. Iweke kando ya takwimu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati watu 11 kati ya kila 100 wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi, na kwamba barani Afrika hadi wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Mtu akizisoma mbili hizi pamoja, akakumbuka wodi iliyojaa na dawa za kusafishia zinazokatika, atasema uzi huu utoke leo. Namwelewa kabisa.

Lakini tuisome vizuri takwimu hiyo. Jaribio lililinganisha ngozi yenye mshono na ngozi isiyo na mshono. Swali lake lilikuwa: kitu kigeni kikikaa mwilini, kinga inashuka kiasi gani? Jibu lilitisha, na linapaswa kumtisha kila anayeshika sindano, awe na hariri au na uzi mwingine wowote. Halikuwa shindano la hariri na nailoni. Kuichukua namba hiyo na kuitaja kama ushahidi kwamba hariri ndiyo mkosaji peke yake ni kuisemesha isichosema. Na miaka zaidi ya 60 baadaye bado inasemeshwa hivyo.

Shindano lenyewe lilikuja baadaye, na hapa sina budi kusema kweli: hariri haikushinda. Mwaka 1973 Edlich na wenzake walichapisha majaribio ya wanyama kuhusu nyuzi mbalimbali kwenye vidonda vilivyochafuliwa kwa makusudi, na kati ya nyuzi zisizoyeyuka, nailoni na polipropilini ndizo zilizosababisha maambukizi kidogo zaidi. Tena hariri imesukwa kwa nyuzi nyingi, kwa hiyo ina upenyo wa kupitisha majimaji na kuwaficha bakteria. Kwa hiyo majeruhi wa bodaboda anayeletwa na paja lililochanika, mchanga na oili ndani ya nyama, asizikiwe hariri humo. Anayeshona mshipa mkubwa wa damu, ambao unahitaji kushikiliwa maisha yote, naye hariri si uzi wake: ingawa vitabu huiweka kwenye kundi la nyuzi zisizoyeyuka, hupoteza nguvu zake nyingi ndani ya mwaka mmoja, na kama miaka miwili ikipita mwili huwa umeimaliza. Kwa kazi hizo mbili sioni cha kuitetea.

Kuna kazi nyingine, na huko ndiko naona haitendewi haki.

Mtazame daktari anayelifunga bomba la kifuani. Bomba limeingia, damu na hewa vinatoka, sasa lazima likae pale lilipo, kwa sababu likichomoka hewa inarudi kifuani na mgonjwa anaanza upya kupigania pumzi. Akitumia nailoni, uzi una kiburi: unakumbuka ulivyokunjwa kwenye pakiti, fundo linataka kujifungua, na inambidi aongeze mafundo juu ya mafundo. Hariri hulala pale unapoilaza. Fundo la kwanza linashika, la pili linalikaza, na ule uzi uliozungushwa kwenye bomba hautelezi kirahisi. Mgonjwa akigeuka usiku, akivutwa na chupa ya bomba iliyo sakafuni, fundo linabaki. Kwa kazi hii uzi uko nje ya ngozi kwa sehemu kubwa, unakaa siku chache, kisha unatolewa. Ile hesabu ya 1957 haijafutika hapo, lakini inapimwa dhidi ya hatari nyingine iliyo kubwa na ya papo hapo.

Kinywani ni vivyo hivyo. Daktari wa meno atakuambia kwamba ncha za nailoni zilizokatwa fupi humchoma mgonjwa ulimi na shavu kila anapoongea au kumeza, na kwamba mtu anayechomwa hali vizuri wala hasafishi kinywa. Ncha za hariri ni laini. Ni kweli hukusanya uchafu wa chakula, ndiyo maana haziachwi humo muda mrefu. Jambo la kuamua hapo ni siku ya kuzitoa, na mgonjwa kuelezwa arudi siku hiyo. Sijui kwa nini mazungumzo mengi huishia kwenye jina la uzi na hayafiki kwenye tarehe ya kuutoa.

Kwenye jiji letu kuna swali jingine ambalo wagonjwa huuliza kwa sauti ya chini, na linastahili kujibiwa kwa heshima: mwanaume Mwislamu, je, hariri si haramu kwake? Katazo ni la kuvaa, na hata katika kuvaa Mtume aliwaruhusu masahaba wawili, Abdurrahman bin Awf na Zubayr, kwa sababu ya muwasho wa ngozi. Tena vifaa vingi vya kurekebishia viungo vya mwili hutengenezwa kwa kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe, na huko ndiko maswali magumu zaidi yaliko.

Nilisema nitarudi kwenye gundi. Ilipobainika kwamba serisini ndiyo iliyokuwa ikichochea sehemu kubwa ya mzio, wanasayansi waliitazama upya ile fibroini iliyobaki. Wakaona kwamba protini hii, ikisafishwa vizuri, mwili huivumilia. Na ile tabia ya kumalizika polepole, ambayo kwa uzi ni kasoro, ikageuka kuwa sifa. Kazi nyingi za aina hii zimefanywa na David Kaplan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani. Vifukofuko hukatwakatwa, huchemshwa nusu saa kwenye maji yenye sodiamu kaboneti ili gundi itoke, kisha nyuzi huyeyushwa kwa chumvi ya lithiamu bromidi, na chumvi huondolewa kwa kuchujwa. Kinachobaki ni majimaji ya protini. Ukiyakausha yanakuwa utando mwembamba unaopenyeza mwanga; ukiyagandisha na kuyakausha yanakuwa sponji; ukiyafanyia kazi zaidi unapata kitu kigumu cha kuchonga skrubu. Mwaka 2014 skrubu hizo zilitiwa kwenye mifupa ya mapaja ya panya, zikashika. Anayejua foleni ya watu wanaorudi kufunguliwa vyuma vya mifupani ataelewa kwa nini skrubu inayojimaliza yenyewe si anasa.

Lakini habari inayonigusa zaidi ni ya mwaka 2012. Kundi hilohilo liliichanganya chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela kwenye hariri, likaikausha, likaiacha kwenye nyuzijoto 45 kwa miezi sita. Chanjo ilibaki na zaidi ya asilimia 80 ya nguvu yake. Chanjo hiyo kwa kawaida inatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Hebu fikiria safari yake kwetu: kutoka bohari hadi kituo cha afya, kwenye kisanduku chenye vipande vya barafu, ndani ya gari lililokwama kwenye foleni ya mchana wa Februari, kisha kwenye friji inayotegemea umeme usikatike. Mnyororo wote huo wa baridi unashikiliwa na wafanyakazi ambao hawasifiwi na mtu, na kiungo kimoja kikikatika, dozi hutupwa, au vibaya zaidi, hutolewa ikiwa imekufa na mama anaondoka akiamini mtoto wake amekingwa. Ndani ya protini ya kiwavi, katika majaribio, chanjo ilivumilia joto kali kuliko linalowahi kufika Dar es Salaam.

Wenye shaka wana majibu, na si mepesi. Kwanza, panya si mtu, na chupa ya maabara si kituo cha afya cha Mbagala. Pili, mfumo wa baridi tulionao umeshagharimiwa, watu wameshafunzwa, unafanya kazi. Kila chanjo itakayobadilishwa umbo italazimika kupimwa upya kwa binadamu, na gharama hiyo lazima mtu ailipe. Tatu, biashara imeshaonyesha haraka yake. Wavu wa hariri wa kushikiliza nyama laini uliruhusiwa Marekani mwaka 2008. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikamwonya kwa barua mwenye kuuuza kwa kuutangaza kwa ajili ya kujenga upya matiti, kazi ambayo haukuwa umeruhusiwa. Hoja hii ya tatu ndiyo naiona nzito kuliko zote. Kifaa kikiwa kizuri kwa kazi moja, muuzaji atataka kiwe kizuri kwa kazi zote, na nchi ambayo haina takwimu zake yenyewe haina cha kumjibu.

Hata hivyo hoja zote tatu zinasema tupime, hazisemi tuache. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika mashariki mwa Uganda, ambapo wanaume 302 wenye henia ya kinena walitibiwa ama kwa wavu wa bei ghali wa kiwandani ama kwa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Matokeo hayakutofautiana kwa maana. Jambo lililodharauliwa na wengi lilipimwa hapahapa Afrika Mashariki, kwa wagonjwa wetu, kwa utaratibu mkali, likajibiwa. Kenya, icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kimefundisha wakulima ufugaji wa viwavi wa hariri kwa miaka mingi. Muhimbili ina chuo, ina taasisi ya mifupa, ina wagonjwa wa kila aina. TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, inasimamia vifaa tiba pamoja na dawa. Watu na taasisi tunazo.

Naona pa kuanzia ni padogo na hapahitaji mfadhili. Fomu ya upasuaji iandike aina ya uzi, unene wake, ulikowekwa, kidonda kilikuwa safi au kichafu, na siku ulipotolewa. Na anayefungua bandeji aandike alichokikuta kwenye fomu hiyohiyo. Baada ya mwaka mmoja wa kumbukumbu za namna hiyo kutoka hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, ubishi wa hariri na nailoni utakuwa na namba za wagonjwa wa Dar es Salaam, badala ya kuegemea ngozi za watu waliojitolea London mwaka 1957.