Mbao Ndiyo Iliyofupika

Tuanze na futi kamba, maana uchokozi wote ulianzia hapo. Mtu unakwenda dukani, unanunua futi mpya, iko ndani ya nailoni yake, umelipa bila hata kuomba punguzo. Unafika nyumbani, unaivuta, unakuta kile kichuma cha mbele, kile cha kung'ang'ania mbao, kinachezacheza. Mpya! Imeshalegea! Nikachukua nyundo, nikakigonga kikatulia tuli. Mimi si mtu wa kurudi dukani kugombana na wauzaji.

Basi nikawa nakata mbao, hazikutani. Hii imezidi, ile imepungua. Mpaka mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa karakana ya reli, akaichukua ile futi, akaigeuza, akauliza kwa upole kabisa, "Nani amekigonga hiki?" Eti kile kichuma kimewekwa kicheze makusudi. Ukikining'iniza kwenye ncha ya mbao kinavutika nje, ukikisukumiza kwenye kona kinarudi ndani, na kinacheza kiasi cha unene wake chenyewe, ili vipimo vyote viwili vitoke sawa. Sasa nauliza, jamani: kwa nini wasiandike? Kwenye chupa ya dawa ya kikohozi wameweza kuandika "weka mbali na watoto", kwenye futi wakashindwa kuandika "usigonge"?

Na msiniulize mtu mwenye kazi yake na familia yake ameingiaje kwenye useremala. Mafundi ndio walionisukuma. Nilipeleka kiti cha mezani, mguu umechomoka, hakuna kingine. Fundi akachukua hela ya gundi. Kisha hela ya msasa. Kisha mtoto akaumwa, kisha umeme ukakatika, ingawa sijawahi kusikia mguu wa kiti unaochomekwa kwa umeme. Kila nikipiga simu yuko njiani. Nikamfuata mwenyewe. Nikamkuta amekalia kiti changu, kimepona zamani, anakula chipsi mayai. Nikamwambia, "Fundi, kumbe tayari." Akanijibu bila kusimama, "Bado bosi, nakifanyia majaribio."

Siku hiyo niliapa. Mama watoto, mtu wa kupenda utaratibu, akasema VETA pale Chang'ombe wanafundisha useremala, nikaulize kozi fupi. Nikamwambia samaki hukunjwa angali mbichi, mimi nimeshakaangwa. Nikakae darasani na vijana wa rika la mwanangu, waniite babu? Isitoshe, msingi ninao. Shule ya msingi tulikuwa na somo la Stadi za Kazi, liko kwenye ratiba kabisa, na mimi nilipeleka fagio la chelewa na mwiko nikapewa vema. Kweli, ule mwiko alichonga mjomba. Lakini nani aliyeubeba mpaka shuleni?

Nikageukia simu. Nikampata mzungu mmoja ana ndevu nzuri, anafundisha kutengeneza stuli "kwa vifaa vya kawaida tu". Vifaa vya kawaida vyenyewe ni mashine ya kukata iliyo kubwa kuliko jiko letu, mashine ya kuranda, mashine ya kutoboa, na ukutani klampu zimepangwa kuanzia ndogo mpaka za kubana mtumbwi. Kila hatua anasema sasa tunapitisha mbao hapa, vuuu, imetoka laini. Mimi nina msumeno wa mkono, randa ya kuazima na patasi ambayo mama watoto aliwahi kufungulia nazi. Bando likaisha kabla hatujafika kwenye miguu. Huyo bwana sijui stuli yake iliishaje, na sitaki kujua.

Twende kwa wauza mbao. Nimefika nikasema nataka mbao. Kijana akauliza, "Mbao gani?" Swali gani hilo? Akaanza kunisomea: mninga, mkongo, mtiki, paina. Akanitajia bei ya mninga nikauliza kama ni pamoja na lori. Akasema mzee, mninga hauchezi, ukishakauka umekauka, haupindi, na mdudu hausogelei. Nikamwambia hata mimi kwa bei hiyo siusogelei. Nikachukua paina ya Mafinga, kutoka kwenye mashamba ya miti ya kule Mufindi, mbili kwa nne. Nimeifikisha nyumbani nikaipima: haikuwa mbili, wala haikuwa nne. Nilipompigia akasema mbili kwa nne ni jina. Hapo hapo nikaelewa kwa nini wanangu hawapendi hesabu.

Tena ilikuwa mbichi. Ukigonga msumari inatoa jasho. Mzee wa reli akaniambia ilazwe kivulini, juu ya vijiti vya unene mmoja ili upepo upite chini na juu, ikae wiki kadhaa ndipo niiguse. Wiki kadhaa! Nimeshawatangazia watu stuli, niwaambie stuli inapumzika? Nikaiegemeza ukutani juani ikauke haraka. Ilikauka. Ilikauka ikiwa imejipinda, imejisokota, ncha moja inaangalia Kigamboni na nyingine inaangalia Ubungo. Mbao za siku hizi hazina malezi.

Lakini futi, mzungu na muuza mbao wote nimewasamehe. Watazamaji sijawasamehe.

Ndani hakuna nafasi, kwa hiyo karakana yangu iko nje, chini ya mwarobaini. Ukifua nguo pale, watu wanapita. Ukipika, wanapita, labda wanauliza mboga gani. Shika msumeno uone. Vijana wa bodaboda wakahama kijiwe kizima. Mmoja akasema nimeshika vibaya, kidole cha shahada kinyooke juu ya mpini. Mwingine akasema usianze kwa kusukuma, anza kwa kuvuta ili meno yapate njia. Wa tatu akasema nikate pembeni ya mstari, kwenye upande wa kutupa, maana msumeno una unene wake nao unakula. Wote watatu wamepanga vyumba ambavyo hata kigoda hamna. Akaja mama wa genge kufuata chenji yake, akabaki nusu saa kusema ingekuwa yeye angetumia skrubu, na skrubu zipakwe sabuni ya mche kwanza ziingie kwa ulaini. Hata muuza kahawa alitua birika akaanza kuuza. Ameuza kahawa kwa mgongo wangu mchana kutwa, na kikombe kimoja hakunipa.

Na ukizungukwa hivyo, ndipo mbao inapopasuka. Msumari wa inchi tatu, ncha kali, nimeuchagua mwenyewe dukani, umeingia robo tu, paa! Ufa mpaka mwisho. Kelele zilizopigwa pale ungedhani Simba wamekosa penalti. Mzee wa reli akauchukua msumari mwingine, akausimamisha kichwa chini juu ya jiwe, akaigonga ncha ikawa butu. Akaupigilia sehemu ile ile ya mbao nyingine, ukaingia kimya. Anasema ncha kali inaingia katikati ya nyuzi na kuzitawanya, butu inazivunja na kupita. Yaani msumari nimeulipia ncha, halafu niiue kwa mkono wangu! Kwa nini wasiuze butu tangu dukani tukapata amani?

Ya gundi ni fupi. Klampu sina, nikabana kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikauvuta na kuuzungusha mpaka ukalia. Hiyo ilishika vizuri ajabu. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyekuwepo siku hiyo.

Stuli ikasimama. Ikasimama kwa miguu mitatu, wa nne ukiwa hewani unatafuta nchi. Nikatangaza sababu: mguu umefupika kwa kukauka. Mzee wa reli akatikisa kichwa. Akasema mwanangu, mbao ikikauka inapungua upana na unene. Urefu wake haupungui kiasi cha jicho kuona. Nikamwambia shikamoo mzee, hii ya kwangu imepungua. Akasema marahaba, kisha akakaa kimya kwa namna ambayo sikuipenda.

Nikapunguza ile mirefu. Ikageukia upande wa pili. Nikapunguza upande wa pili. Mzee akanishauri ning'oe mguu mmoja kabisa nifanye ya miguu mitatu, maana kitu cha miguu mitatu hakichezi hata ukikiweka juu ya mawe. Nikakataa. Mtu akiona miguu mitatu atajua kuna mmoja umenishinda. Nikaendelea na msumeno mpaka ikatulia, na ilipotulia ilikuwa imeshuka cheo, kutoka stuli ya jikoni mpaka kigoda. Mama watoto alitoka, akakitazama, akasema neno moja tu: "Sasa funga chuma pale mbele, tupate mbuzi ya kukunia nazi."

Nikapumzika vigoda, nikahamia kwenye ukarabati. Mlango wa chumbani ulikuwa unagoma kufunga, Aprili hiyo, mvua za masika zinamwagika. Nikaushusha kwenye bawaba, nikauranda kwa hasira mpaka ukawa unafunga kwa kidole. Watu wakasifu. Hata mama watoto alinikaangia samaki. Mvua zikakata, mlango ukajikunja wenyewe, na kufika Agosti pengo lilikuwa la kupitisha daftari. Kumbe mbao inakunywa unyevu inavimba, kiangazi inautema inasinyaa, kwa hiyo mlango wa masika unarandwa kidogo tu au unasubiriwa. Mimi niliurandia hali ya hewa iliyokuwepo. Mbona mamlaka ya hali ya hewa wakitabiri vingine hamuwafuati kuwauliza? Sasa mjusi anaingia na kutoka bila kubisha hodi, na taa ya sebuleni inanimulika usoni usiku kucha. Watoto wanasema wanatuona tunavyolala na midomo wazi.

Juzi palikuwa na msiba nyumba ya tatu. Vijana wakapita kukusanya viti, viti vya kukodi havikutosha, na wakabeba na kigoda changu. Nilijipanga chini ya turubai pembeni, nione nani wa kwanza kukikalia. Mjumbe, mtu mwenye goti bovu, alikisogelea, akakitikisa kwa mkono, akaenda kukaa kwenye mkeka. Kijana mmoja wa bodaboda alikivuta, akakumbuka kilikotoka, akakirudisha. Mwishowe mweka hazina akakichukua akakiweka mbele yake na kuwekea daftari la rambirambi juu. Nikavimba kifua. Kwenye ule msiba hakuna kiti kilichobeba fedha nyingi kuliko changu.

Baada ya muda nikamwona ananiita kwa mkono. Nikainama. Akaninong'oneza, "Shemeji, kigoda chako kimeinama. Kila nikiweka kalamu inabingirika chini."

Nikaitazama ile kalamu. Ya duara tupu. Nikamwambia atafute yenye pembe.