Shahada ya Sosholojia na Swali la "Utakuwa Nani?"

Kijana aliyechaguliwa kusomea udaktari hahojiwi nyumbani, na wa sheria, uhasibu au uhandisi hahojiwi pia, kwa kuwa jina la kozi limekwisha kujibu kabla swali halijaulizwa. Anayewekwa kitako ni yule aliyedahiliwa kusoma shahada ya kwanza ya sosholojia, yaani taaluma ya kuchunguza jamii. Baba yake mdogo anamsikiliza hadi mwisho, anakohoa kidogo, kisha anauliza: "Sasa mwanangu, ukimaliza hiyo utakuwa nani?"

Wasomi wengi hulidharau swali hilo, nami naona wanakosea. Anayeliuliza huenda ndiye atakayeuza ng'ombe kuchangia ada, na mara nyingi kijana mwenyewe hana jibu. Sosholojia haifundishwi katika shule za sekondari za Tanzania. Mwanafunzi hutoka kidato cha sita na HGL au HKL yake, yaani mchepuo wa historia, jiografia au Kiswahili, na Kiingereza, bila kuwahi kulifungua somo hilo, akaliweka katika machaguo yake kwa sababu alama hazikutosha sheria, au kwa sababu kaka wa bwenini alimwambia kwamba kozi hiyo "haina hesabu". Kutofundishwa sekondari kuna athari nyingine ambayo haitajwi sana: aliyesoma historia au Kiswahili pamoja na ualimu anaweza kurudi shuleni kufundisha, lakini mhitimu wa sosholojia hana darasa linalomsubiri.

Upande unaoitilia shaka shahada hii una hoja zenye uzito. Mhandisi ana bodi yake ya usajili, mhasibu anakwenda NBAA, bodi ya wahasibu, kutafuta cheti cha CPA, na mwanasheria anapita shule ya sheria kwa vitendo kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Mwanasosholojia hana bodi, hana mtihani wa taaluma, wala hana sahihi inayotakiwa na sheria popote ili jambo liende. Katika matangazo ya kazi ya serikali, nafasi ya afisa maendeleo ya jamii kwa kawaida huwa wazi kwake, na humo fani yake huitwa "elimu ya jamii", lakini huigombea pamoja na waliosoma maendeleo ya jamii yenyewe katika chuo cha Tengeru, waliosoma masomo ya jinsia na waliosoma mipango. Kwenye ustawi wa jamii atawakuta waliopikwa kwa kazi hiyo hasa katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama.

Palikuwa na mlango mwingine mpana, nao ni miradi ya wafadhili. Tangu Marekani ilipoanza mpango wake mkubwa wa kupambana na UKIMWI mwaka 2003, wahitimu wengi wa sayansi za jamii walipata riziki kama maafisa miradi, wakusanya takwimu na maafisa ufuatiliaji na tathmini. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, miradi ilifungwa au kusimama ghafla na mikataba ikakatika kabla ya wakati wake. Ndipo ilipoonekana jinsi ajira ya fani nzima ilivyokuwa imeegemea nguzo iliyosimikwa katika nchi nyingine. Wakati huohuo deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi halisubiri, kwa kuwa mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Serikali nayo imeonyesha bayana inakoelekea: ufadhili unaoitwa Samia, ulioanza mwaka 2022, umewalenga waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi.

Watetezi hujibu kwa orodha ya majina, na hapo hunichosha. Hupenda kumtaja Martin Luther King Jr., aliyehitimu sosholojia katika Chuo cha Morehouse mwaka 1948, na Michelle Obama, aliyeisoma Princeton akamaliza mwaka 1985. Hawasemi kwamba King alikwenda moja kwa moja kusomea uchungaji, na Michelle Obama akaenda Harvard kusomea sheria. Mifano hiyo inathibitisha tu kwamba shahada hii ni msingi mzuri wa kujengea nyumba nyingine, jambo ambalo baba mdogo hakuliuliza.

Utetezi wenye nguvu uko chini zaidi, kwenye kazi yenyewe ya kuuliza. Chukua swali ambalo karani wa sensa na mtafiti yeyote wa umaskini hulitumia: mkuu wa kaya ni nani? Tuseme mtafiti amefika kwa mwanamke mmoja kijijini. Mumewe alikwenda machimboni Mererani, sasa ni mwaka wa tatu. Hatumi fedha na simu yake haipatikani. Mwanamke huyo ndiye anayelima, ndiye anayenunua sare za shule, ndiye aliyeamua mbuzi wawili wauzwe mtoto alipolazwa. Anaulizwa mkuu wa kaya ni nani, naye anajibu bila kusita: "Baba Neema." Kishikwambi kinapokea jibu, na kaya inahesabiwa kuwa inaongozwa na mwanamume.

Kitakwimu hapo hakuna kosa. Swali limeulizwa na jibu limepatikana. Mwanafunzi wa sosholojia aliyefundishwa vizuri atashtuka, kwa sababu anajua kwamba mama huyo hakujibu kuhusu nani anailisha nyumba. Amejibu kama mke anayeilinda heshima ya mumewe mbele ya mgeni, huku jirani akichambua mboga hatua tano kutoka hapo na masikio yake yako kwao. Kwa hiyo ataliacha neno "mkuu" na kuuliza vingine: mara ya mwisho kuuzwa kitu cha hapa nyumbani, nani alisema kiuzwe? Mtoto akiugua usiku, nani anatafuta nauli? Hata neno "kaya" atalitazama mara mbili. Katika makaratasi ya ofisi ni watu wanaoishi pamoja na kuchangia mahitaji, lakini kwa Mmijikenda wa Kilifi au Kwale, Kaya ni msitu mtukufu wa wazee, na misitu hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008. Mtu anayeingia huko na dodoso lililotungwa Nairobi au Dar es Salaam bila kulijua hilo ameanza kwa mguu mbaya.

Mfano wa pili unahusu fedha, maana wapo wanaodhani kwamba haya ni mapambo tu. Bomba la mafuta ghafi linaloanzia Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na sehemu kubwa yake iko Tanzania. Ujenzi wa namna hiyo hupita katika mashamba ya watu, na wakopeshaji wa kimataifa hawatoi fedha mpaka pawepo mpango wa fidia na uhamishaji unaokubalika. Mthamini huenda shambani akapima ardhi na kuhesabu miti. Sasa katika pwani yetu, Tanga na Unguja zikiwemo, ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ya mtu mwingine, aliyeirithi au aliyewekewa rehani. Anayeuliza "shamba hili ni la nani?" atapata jina moja na kulipa fidia moja, na ugomvi utakaofuata utafika kwa kadhi, barazani kwa mwenyekiti wa kijiji na pengine mahakamani. Anayeuliza "nani huangua nazi hapa, na kwa haki gani?" atapata majina mawili au matatu. Swali hilo la pili halihitaji mashine wala maabara, na gharama ya kutoliuliza huja baadaye, kazi ikiwa imesimama.

Hata hapo mwenye shaka ana la kusema. Katika kazi hiyohiyo ya fidia, mthamini amesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016 na bila sahihi yake jedwali la fidia halisogei. Mwanasosholojia anayeuliza habari za minazi hushauri tu, na ushauri wake unaweza kuachwa mezani. Historia yetu inamuunga mkono mwenye shaka huyo. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihamishwa, wengine wakawekwa mbali na mashamba, maji na makaburi yao. Sosholojia ilikuwa ikifundishwa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka hiyohiyo. Si kwamba nchi ilikosa watu waliojua kwa nini Mgogo au Msukuma amejenga alipojenga. Ujuzi wao haukuwa na pa kushikia. Muda mfupi baadaye mtafiti Mfini Marja-Liisa Swantz na wenzake waliendesha mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo, ambako watafiti waliishi na wanavijiji na kutafuta majibu pamoja nao. Njia hiyo leo inaitwa utafiti shirikishi na inasomwa katika vyuo vya mbali, wakati hapa nyumbani bado viongozi hufika kijijini na ajenda iliyokwisha kuamuliwa.

Nijuavyo mimi, pande zote mbili zinabishania cheti. Wanaoishambulia shahada hii wanasema cheti hakileti kazi. Wanaoitetea wanasema cheti kinafungua akili. Cheti hakifanyi lolote kati ya hayo mawili. Faida niliyoieleza, ya kulishuku swali kabla ya kuliamini jibu, hupatikana kwa mazoezi, na mazoezi hayo yanaweza kukosekana kabisa kwa miaka mitatu bila mwanafunzi kushindwa mtihani hata mmoja.

Anayevifahamu vyuo vyetu anajua inavyokuwa. Ukumbi umejaa hadi madirishani, mhadhiri anasoma slaidi, na kabla ya mtihani yanazunguka madesa yaliyoachwa na waliotangulia, yenye majibu yaleyale kuhusu Marx, Weber na Durkheim, waasisi wa fani hii. Kazi za vikundi hupewa watu kumi, zikaandikwa na watatu. Ikifika zamu ya fildi, mwanafunzi hupangiwa halmashauri au shirika fulani, akakaa wiki kadhaa akipanga mafaili na kutoa nakala, akasainiwa kitabu chake na kurudi. Mwanafunzi huyo ana GPA nzuri, yaani wastani mzuri wa alama, lakini hajawahi kukaa kwenye mkeka wa mtu na kugundua kwamba swali lake lilikuwa baya.

Lile la "kozi isiyo na hesabu" linastahili kukemewa peke yake. Mwaka 1897 Émile Durkheim alipojaribu kueleza kwa nini watu hujiua zaidi katika jamii fulani kuliko nyingine, alifanya hivyo kwa majedwali ya takwimu za vifo za nchi za Ulaya. Fani hii imelelewa na namba tangu uchanga wake. Mhitimu anayeikimbia takwimu amejinyima nusu ya mtaji, tena nusu ile ambayo mwajiri huiona haraka. Akiweza kutunga dodoso, kuchagua sampuli, kusafisha takwimu na kuzieleza kwa lugha ya watu, nafasi za kufanya kazi humwongezekea katika benki, kampuni za simu na kampuni za utafiti wa masoko, ambako hakuna anayejali shahada yake inaitwaje.

Tatizo la lugha ni la ndani zaidi, na sioni likizungumzwa inavyostahili. Mwanafunzi husikiliza mihadhara kwa Kiingereza, akajibu mitihani kwa Kiingereza, kisha fildi anauliza kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao. Maneno ya kati anayoyatumia, kama uwezeshaji na ushirikishwaji, yamezaliwa katika tafsiri za miradi, na kijijini yana harufu ya semina na posho. Mwulize mzee wa Rufiji kuhusu "masuala ya jinsia" na kwa kawaida ataanza kuzungumzia wanawake, kwa sababu hivyo ndivyo neno hilo lilivyomfikia. Shahada ambayo haimfundishi mwanafunzi kulivuka daraja hilo imemwachia kazi nusu. Ajabu ni kwamba, kama ingelifundisha, mhitimu wetu angekuwa na kitu ambacho mshauri anayekuja kwa ndege na mkalimani wake hawezi kukinunua.

Ipo faida moja ya mwisho ambayo ni chungu kidogo. Mwaka 1959 mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills alitofautisha tatizo la mtu na suala la jamii: katika mji wa watu 100,000 mtu mmoja akikosa kazi, mtazame yeye, tabia yake na ujuzi wake, lakini katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, watu milioni 15 wakikosa kazi, kumtazama mmoja mmoja hakutakupa jibu. Mhitimu wa sosholojia anayekaa nyumbani mwaka wa pili akiendesha bodaboda ya mjomba wake anaielewa hali yake kuliko jirani aliyesoma kozi nyingine. Hajiiti mzembe, wala haamini mara moja wanaosema amerogwa. Utambuzi huo humpunguzia mtu aibu, na aibu imewaharibu vijana wengi. Kodi ya nyumba, hata hivyo, hailipwi kwa utambuzi.

Kwa hiyo mtu aliye upande wa pili wa meza ya usaili asimuulize mwombaji Durkheim alisema nini, maana jibu hilo limo kwenye madesa. Amwombe aeleze utafiti wake wa mwaka wa tatu: alizungumza na watu wangapi, aliwapataje, nani alikataa kujibu na kwa nini, na ni swali gani alilolibadilisha baada ya siku ya kwanza. Wapo watakaotazama chini na kuomba swali lirudiwe. Na wapo watakaosogeza kiti mbele na kuanza kueleza, hadi mwenyekiti wa jopo atazame saa mara mbili na anayesubiri nje aanze kuwa na wasiwasi.