Embe Lapanda Boti, Nauli Nalipa Mimi

Mtu asikudanganye kuwa biashara ya sharubati ni maji na sukari. Mimi nilidanganyika. Nilikaa barazani nikapiga hesabu nyuma ya pakiti ya sigara: embe Mpeketoni shilingi 10, glasi Lamu shilingi 50. Mke wangu akauliza, "Na usafiri umeutia?" Nikamwambia asinitie mkosi.

Embe, bwana, lina safari! Latoka Mpeketoni kwa gari hadi Mokowe, na hapo hamali ataka chake kulishusha. Lapanda boti, limeketi kama mgeni wa hoteli, nauli juu yangu. Gatini Lamu hamali mwengine. Kisha punda, maana vichochoro vyetu gari halipiti, na vyengine mwenye kitambi hupita ubavu ubavu. Likifika kibandani kwangu Langoni, ulibonyeze: upande huu bado bichi, upande wa pili limeshaoza. Hiyo pakiti ya sigara mke wangu ameiweka kabatini, akinikasirikia huitoa.

Msimu wa embe ukiisha, nauza ukwaju na ndimu. Ndimu nazo zina kiburi chao, lakini hilo tuliache.

Tabu hasa ni wateja. Lamu hakuna mteja, kuna ami, shangazi na mtoto wa shangazi. Nitamwambiaje "lete pesa kwanza" mtu aliyenibeba mgongoni siku ya kutahiriwa? Anywa, ajipangusa ndevu, asema, "Yeo sina, mwanangu, niandikie." Ukimtajia M-Pesa, simu haina chaji. Tangu nifungue kibanda, mji huu haujapata kuwa na simu yenye chaji.

Nikabandika karatasi: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Ami mmoja, mwenye punda wawili wa mizigo, akaisoma kwa sauti hadi mwisho, akanisifu hati yangu, akaniambia herufi ya R ingekaa vizuri zaidi na mkia. Kisha akasema, "Haya, nipe ya embe, niandikie."

Nikajipa moyo: Maulidi yaja, Msikiti wa Riyadha utafurika wageni, nitauza mpaka blenda ilie. Wageni wakaja kweli. Kumi na mmoja kati yao walitoka Faza na Siyu, wote ni jamaa zangu, wakalala kwangu. Nao sharubati hawakuihesabu kuwa ni mauzo, kwao ilikuwa ni maji ya nyumbani. Mmoja alilalamika kuwa sukari haikukolea.

Sasa sikia la juzi. Maganda ya embe huyamwaga pembeni mwa kibanda, na punda wa yule ami ameyazoea. Akipita na mchanga wa ujenzi mgongoni, afika kwangu, asimama. Umpige, umvute, umbembeleze, haondoki mpaka amalize. Nilikuwa nikimpenda mno punda yule, kwa kuwa ndiye mteja pekee aliyekuja kwa wakati na hakuwahi kusema niandikie.

Asubuhi nikamfunulia ami daftari. "Ami, glasi 13, shilingi 650. Sukari imeniishia, nisaidie japo nusu."

Akavaa miwani. Akahesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, akakubali zote 13. Nikashukuru moyoni.

"Sasa na mimi nina hesabu yangu," akasema. "Punda wangu kwa ajili ya maganda yako amenichelewesha siku 14. Kila siku ni mzigo mmoja unaonipita. Mimi si mtu wa kukukaba, mwanangu. Nitie shilingi 50 kwa siku."

Nikatazama watu waliokuwa wakisubiri. Wote wanatikisa kichwa: hesabu ya mzee imekaa sawa. Mia saba toa mia sita na hamsini.

"Hamsini yangu hiyo sina haraka nayo," akasema ami, akivuta kiti. "Jiandikie tu. Na hiyo ya ukwaju ina barafu?"