Siku Niliyobebwa na Mama Mkwe

Mama mkwe alikuja Kilwa Masoko kutoka Kahama, hajawahi kuiona bahari. Mimi ni mwalimu wa historia, nikaona hapa ndipo pa kujipatia heshima. Nikavaa suruali nyeupe ya Idi na viatu vya kung'aa, alfajiri tukapanda mashua kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale.

Nahodha alinionya: "Mwalimu, leo bamvua. Saa mbili muwe mmerudi, maji yanakupwa haraka." Nikamjibu mimi mtoto wa pwani. (Nimezaliwa Masasi.)

Msikiti Mkuu nilimweleza mama ulivyoanza karne ya 11, mawe ya matumbawe na chokaa. Akapapasa nguzo.

"Hakuna simenti?"

"Hakuna, mama."

"Na nyumba yenu haijamaliza mwaka, ina nyufa."

Nikamhamishia Husuni Kubwa, jumba la sultani, upesi. Pale kwenye birika la pembe nane nikajimwaga: Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Baba wa Zawadi.

Mama akaguna. "Kumbe wapo. Mimi ng'ombe wangu wawili wa mahari bado wako njiani, mwaka wa sita huu."

Ikabidi niingie dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, kwa kirefu. Nilikuwa bado niko Sofala niliposikia nahodha anapiga mluzi huko chini. Saa tatu imeshapita.

Mashua ilikuwa imeyafuata maji mbali kule. Kati yetu na yenyewe, tope tupu na mizizi ya mikoko. Hatua ya kwanza nikazama kifundo, ya tatu paja. Kiatu cha kulia nilikisikia kikisema "chwaa", kisha kikanyamaza. Mpaka leo kiko huko. Kaa wadogo wakatoka mashimoni kuja kuangalia.

Mama alishavua ndala, kapandisha kitenge, anapita kama yuko kwenye jaruba lake la mpunga. "Baba, usikanyage kwa kisigino! Telezesha!"

Angesema mapema. Akanifikia, akageuza uso pembeni kwa adabu, akashika mkanda wangu na kuvuta. Mkanda ulivumilia. Suruali haikuvumilia, ikaachia nyuma kuanzia juu mpaka chini.

"Panda mgongoni."

"Mama, haiwezekani, wewe ni mkwe wangu!"

"Basi subiri maji."

Maji ya kurudi alasiri. Nikapanda. Wanawake waliokuwa wakichokoa pweza wakawaacha pweza, wakasimama na vijiti vyao mkononi. Mmoja akapiga kigelegele, nadhani alidhani ni harusi.

Mashuani hakuna aliyesema neno. Nahodha alikuwa anaangalia tanga kwa makini ya ajabu, mabega yanamtikisika. Mama akakamua kitenge chake taratibu, akakitandaza kwenye mapaja, ndipo akaniuliza:

"Mwalimu, na huyo Batuta wako, naye alibebwa?"