Mwani mgeni wa California: tuung'oe, au tulinde kelpi iliyobaki?

Mwaka 2003 mwani wa kahawia kutoka Asia Mashariki, Sargassum horneri, ulionekana katika bandari ya Long Beach, kusini mwa California. Kufikia 2006 ulikuwa umeshafika kisiwa cha Santa Catalina, na baadaye ukaenea kuanzia Santa Barbara hadi Isla Natividad nchini Meksiko, mwambao wa zaidi ya kilomita 700. Huota kwenye miamba ileile inayobeba misitu ya kelpi, mwani mkubwa wa asili unaoweza kurefuka hata nusu mita kwa siku na kuwapa samaki maficho na malisho. Wenyeji wameubandika jina la gugu la shetani. Ubishi uliopo ni huu: wazamiaji watumwe kuung'oa, au nguvu hizo zielekezwe kwenye kuilinda kelpi yenyewe?

Kabla ya kuchagua upande, tuangalie takwimu zinavyopatikana. Wazamiaji hushuka wawili wawili kwenye maji ya baridi, kina cha mita kumi hivi au zaidi. Hutandika utepe wa kupimia juu ya mwamba, huweka fremu ya mraba, kisha huhesabu kila shina lililomo. Machipukizi ya mwani mgeni huwa madogo sana na hujificha chini ya majani ya mwani mwingine, kwa hiyo mtu hulazimika kuyafunua kwa vidole huku wimbi likimsukuma na kumrudisha, penseli ikining'inia kwa kamba kwenye kibao chake, na hewa ya mtungi ikizidi kupungua. Setilaiti huona kelpi iliyotanda juu ya maji. Kinachoendelea chini yake hujulikana kwa sababu kuna binadamu aliyeshuka akahesabu, na kazi hii haipewi heshima inayostahili.

Wanaotaka mwani ung'olewe wana hoja nzito. Mwaka 2000 mwani mwingine vamizi, Caulerpa taxifolia, uligunduliwa katika ziwa la maji chumvi la Agua Hedionda huko Carlsbad, California. Mamlaka hazikungoja. Vipande vya mwani vilifunikwa kwa maturubai, klorini ikapulizwa chini yake, wazamiaji wakarudi mara kwa mara kukagua, na mwaka 2006 ikatangazwa kwamba umetokomezwa. Gharama ilizidi dola milioni 7. Mwani huohuo ulipoonekana Monaco mwaka 1984 ulikuwa kipande kidogo tu. Ukaachwa, na baadaye ukatapakaa maelfu ya hekta za Bahari ya Mediterania. Ukiweka visa hivyo viwili pamoja, ni vigumu kumwambia mtu angoje utafiti zaidi.

Lakini Agua Hedionda ni maji yaliyotulia, yenye mlango mmoja kuelekea baharini. Visiwa vya California viko wazi kwa mikondo. Gugu hili lina vifuko vya hewa: shina lililokomaa likikatika huelea na kwenda zake likiwa limebeba mbegu za kuotesha kizazi kipya mbali na hapo. Mzamiaji anayeling'oa ovyo wakati limeshaanza kuzaa anaweza kulisambaza kwa mikono yake mwenyewe. Huko Catalina yamefanyika majaribio ya kulivuta kwa mkono na kulifyonza kwa pampu. Kazi ilipofanywa mapema, kabla ya kuzaa, kizazi kilichofuata kilipungua, ila hakikukoma.

Kuna hoja nyingine inayonigusa zaidi. Gugu hili hukua wakati wa baridi, hukomaa kuelekea majira ya kuchipua, kisha hufa kiangazi, na hustawi hasa pale kelpi ilipokwisha kupungua na mwanga kufika chini. Joto kali la bahari la 2014 hadi 2016 liliipiga kelpi vibaya, gugu likapata nafasi. Katika kisiwa cha Anacapa, kimojawapo cha Visiwa vya Channel vya California, eneo lililofungwa kwa uvuvi tangu 1978 lilikuwa na gugu kidogo kuliko maeneo yanayovuliwa. Maelezo ya watafiti ni kwamba kambakoche na samaki wakubwa waliobaki humo huwala wanyama wadogo wa baharini wenye miiba (sea urchins) wanaotafuna kelpi, hivyo mwani wa asili unabaki mwingi na kumnyima mgeni mwanga na mahali pa kushika.

Ushahidi huu ninauamini, ingawa sidhani unafunga mjadala. Anacapa ni mahali pamoja, na ulinzi wake umechukua miongo kadhaa. Hifadhi zilizotangazwa kwenye Visiwa vya Channel mwaka 2003 hazijapewa muda kama huo. Hata jaribio la mwaka mmoja au miwili lisiloonyesha kelpi ikirudi baada ya gugu kung'olewa halituambii kwamba gugu halina madhara. Huenda mbegu za kelpi hazikufika pale, au maji yalikuwa bado ya moto mno.

Mimi naona kung'oa kubaki kwenye bandari na maeneo mapya yenye mashina ya kuhesabika, tena kabla mwani haujaanza kuzaa. Kwenye miamba ambayo gugu limeshatawala, fedha ziende kwenye hifadhi na ufuatiliaji. Hifadhi ya Taifa ya Visiwa vya Channel imekuwa ikituma wazamiaji kupima misitu ya kelpi tangu 1982. Rekodi hizo ndizo zinazotuwezesha kujua kilichokuwapo kabla ya mgeni kuingia.

Kwetu kelpi haioti, maji ni ya moto mno, lakini suala lenyewe tunalo. Spinosum na cottonii, aina za mwani wa kulimwa zilizoletwa Zanzibar kutoka Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1980, zinawalisha maelfu ya wakulima, wengi wao wanawake wa Unguja na Pemba. Huko Hawaii, katika ghuba ya Kaneohe, mwani wa jamii hizohizo ulipandwa kwa majaribio ya kilimo, ukatoroka, ukafunika matumbawe, na wazamiaji wamelazimika kuufyonza kwa pampu. Simwambii mkulima wa Paje aache shamba lake. Ninachotaka ni vijana wa pwani wanaojua bahari wafundishwe kupima na walipwe kuzamia kwenye matumbawe yaliyo jirani na mashamba, mwaka hadi mwaka, wakiandika kinachoota na kinachopotea.