Acheni kumkalisha jajja kwenye kiti

Hii tabia yetu hapa Uganda ya kumkalisha tu jajja, yaani babu au bibi, inaniuma sana. Mzee akifika miaka 70 tu anaanza kunyang'anywa kila kitu, jerikani asibebe, jembe asishike, hata sokoni anaenda mjukuu na boda, yeye akae tu kivulini aletewe chai. Tunaita heshima. Baada ya muda anashindwa kuinuka mwenyewe tunasema ni uzee, kumbe misuli imeisha kwa kukaa.

Kuna daktari mtafiti anaitwa Maria Fiatarone, huyo namheshimu mno. Mwaka 1990 alitoa utafiti wa wazee 10 wa Boston, Marekani, watu wa miaka kama 90, dhaifu, wanaishi kwenye nyumba ya wazee. Akawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, na uzito wenyewe mkubwa jamani, sio kupunga mikono. Wiki 8 tu. Kwa waliomaliza mazoezi, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174! Miaka 90, yaani misuli bado inasikia ikipewa kazi.

Na kinyume chake kipo pia. Utafiti mwingine, wa 2007, wazee wazima kabisa walilazwa kitandani siku 10 bila ugonjwa wowote na wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Sasa fikiria jajja aliyelazwa na malaria kali, halafu akirudi nyumbani tunamwambia aendelee kulala.

Sisi ndio tungeelewa hili haraka kuliko wengine, maana miaka ya 80 kule Rakai tuliona slim, yaani UKIMWI, ikimaliza watu mpaka wakabaki mifupa. Leo wale walioanza ARV, dawa za UKIMWI, zamani wanazeeka, wengine na kisukari juu yake, na misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari baada ya kula, kwa hiyo ikipungua na sukari inasumbua zaidi.

Ninachotaka ni hospitali zetu zikimruhusu mzee zimwandikie na mazoezi pamoja na dawa. Kuinuka kwenye kiti na kukaa tena polepole, kila siku, akiweza bila kushika. Abebe jerikani ndogo ya lita 5 kama hana kizunguzungu, mwenye shida ya moyo aulize daktari kwanza. Na kwenye posho (ugali) yake wekeni mukene (dagaa), maharage, yai, sio mchuzi mtupu.